Mchicha wa Vijiti Vyeupe

Nilitia sahihi ya kwamba sitataja jina la kampuni ile wala la mtu wake yeyote. Sawa. Nitawataja kwa kazi zao. Yuko Sir, mtafiti mkuu, mwenye miguu mirefu myembamba na tabia ya kutuita marafiki zake. Yuko madam wa ofisi, aliyetunza pasi zetu na viza zetu. Na yuko nyapara, Mkenya mwenzangu, mtu wa kwetu kabisa, ambaye kwao na kwetu kunatenganishwa na mto mmoja tu. Wakisoma haya watajijua. Na asiyejijua, mke wake atamjua.

Mimi shule niliishia darasa la sita. Dubai nilianza kwa kufagia vyumba vya hoteli Al Barsha, nikaenda kulea watoto wa watu Jumeirah Village Circle, kisha rafiki mmoja akaniingiza kwenye kampuni ya dawa za magugu. Tulikaa International City, tumegawa chumba kwa mbao na mapazia, na asubuhi basi dogo la kampuni lilitubeba hadi kwenye grinihausi zao nje ya mji, kule ambako hakuna kitu ila mchanga na nyaya za umeme.

Nikiwaambia watu wa nyumbani kwamba nilienda Uarabuni kulima magugu, wanadhani natania. Lakini ndiyo kazi iliyokuwepo. Kila trei ilikuwa na ngano au shayiri upande mmoja, na magugu upande wa pili. Magugu tuliyapanda kwa vidole, mbegu kwa mbegu, tukayamwagilia asubuhi na jioni, tukayatilia mbolea, tukayapepea kwa feni kubwa ili joto lisiyaguse. Mtoto wa tajiri hatunzwi vile. Yakishanawiri, ndipo yanapulizwa dawa.

Dawa zenyewe zilikuja katika vichupa vidogo visivyo na jina, vina namba tu. Hazikuwa zimewahi kuuzwa dukani wala kupulizwa katika shamba la mtu. Sir alikuwa anatafuta dawa moja tu: ile inayoingia kwenye trei, iue gugu na kuiacha ngano imesimama kama haikuona kitu. Basi. Maisha yake yote ndiyo hayo. Nyingi ziliua vyote viwili. Nyingine hazikuua chochote. Alikuwa akipita kati ya meza, mikono nyuma, akitazama kwa macho na kutaja maksi: sifuri kama gugu limesimama, mia kama limekufa. Nyapara anafuata nyuma na tableti, anaingiza. Sir akisema "mia" sauti yake ilikuwa inalainika, kama mtu anayemwita mpenzi wake.

Kila trei ilikuwa na kijiti. Kijiti chekundu, imepulizwa. Kijiti cheupe, haikupulizwa, imeachwa hivyo ili ilinganishwe na zile nyingine. Kitu cha kwanza alichotufundisha nyapara ni hicho, na hata aliyelala usingizini ungemwamsha akakujibu.

Magugu yao mengi sikuyajua, ni ya nchi za baridi. Lakini moja nililijua tangu nikibebwa mgongoni. Mchicha. Kwetu tunauita terere. Siku ya kwanza mwenzangu, Mtanzania wa Singida tuliyelala pazia kwa pazia, aliushika jani akanigeukia.

"Dada, hawa watu wazima kichwani? Wanaua mboga?"

"Kwao ni gugu."

"Jamani! Gugu! Mimi nimekuzwa na hili gugu."

Ijumaa jaribio likiisha, trei zote zilikwenda kutupwa. Ukutani kulikuwa na amri, hakuna kuchukua wala kula chochote kilichooteshwa humo. Nyapara ndiye aliyetusomea kwa Kiswahili siku ya mafunzo, akamaliza, akafunga faili, akasema, "Hiyo sasa ni ya ukuta. Ya watu ni hii: cheupe mnachuma, chekundu mnatupa. Na wamama wangu, msinisahau."

Hatukumsahau. Kila Ijumaa Waafrika wote wa mle ndani tulichuma vijiti vyeupe kabla ya trei kumwagwa, na kila wiki nyapara alitoa kikopo chake cha plastiki kwenye basi, akikigonga magotini kama ngoma. Akishuka kwenye kituo chetu kwa muda, anapanda ngazi, anajaziwa mboga na ugali, anashuka akisifu. Tulibishana tu juu ya mapishi. Mwenzangu alitia karanga. Mimi nakaanga na kitunguu, imetosha.

"Nyinyi Wakenya hamli mboga," aliniambia, "mnaiteka nyara. Mnaichemsha hadi ikiri."

Ikafika wiki ya wageni. Walikuwa watu wa kuweka fedha katika kampuni, wamefikia hoteli kubwa, na Sir hakukaa chini wiki nzima. Kulikuwa na dawa moja iliyokuwa inamtesa. Kwa magugu ya nyasi ilikwenda vizuri, ngano ikabaki salama, lakini mchicha iliukosa kabisa. Akaamuru ipulizwe tena, kali zaidi. Mchicha ukatikisa majani. Ikapulizwa mara nyingine, kali kuliko ile. Ukazidi kupanuka, kijani kibichi, unang'aa kama umepakwa mafuta.

"Mbishi kama wanawake wa Singida," nyapara akasema.

"Na dawa yenu butu kama wanaume wa kwenu," mwenzangu akamjibu, na banda zima likaangua kicheko, Sir akatugeukia akidhani tunacheka mafanikio.

Siku mbili kabla ya wageni, feni ya upande wa mbele ikafa. Joto la jangwa halina huruma; hadi fundi anafika, trei za vijiti vyeupe zilikuwa zimenyong'onyea, mchicha umelala juu ya ngano kama nguo zilizoloa. Sir alishika kichwa. Bila zile trei hakuna cha kuwaonyesha wageni. Ataonyeshaje jinsi magugu yanavyomla mkulima, kama magugu yenyewe yamezimia?

Ijumaa asubuhi alisimama mlangoni na nyapara wakinong'ona. Kisha nyapara akatutuma nje sote tukaoshe ndoo. Ndoo zilikuwa safi. Tuliziosha. Tuliporudi, meza ya mbele ilikuwa imepangwa upya: trei nono zenye vijiti vyeupe, mchicha umesimama hadi kifuani mwa ngano, mpaka ukaogopa kuutazama. Nilidhani zimetoka grinihausi ya pili. Kwa nini nidhani kingine? Kijiti kilikuwa cheupe.

Wageni wakaja na viatu vyao vya kung'aa. Sir akawaonyesha meza ya mbele: haya ndiyo anayopata mkulima bila sisi. Akawaonyesha meza ya pili, magugu yamekauka, ngano imesimama: haya ndiyo tutakayompa. Wakapiga picha. Wakapiga makofi. Nyapara alikuwa kando, suruali imepigwa pasi, anacheka na wanaocheka.

Walipoondoka, tukachuma. Ule haukuwa mchumo wa kawaida, ulikuwa sherehe. Wenzetu walichuma grinihausi ya pili; meza ya mbele tuliachiwa sisi wawili. Mwenzangu alijaza mfuko mpaka akaufunga kwa kitambaa chake cha kichwa. Nyapara alitukuta tunapanda basi. Aliutazama mfuko. Nilimwona akiutazama. Kikopo chake kilikuwa mkononi, na mwenzangu akamwambia, "Kaka, leo kilete kikubwa zaidi, hicho hakitoshi."

Akakirudisha kwenye begi. "Leo nimeshiba, wamama. Kuleni nyinyi."

Maneno hayo nimeyageuza kwa miaka. Nimeyaonja kila upande. Mtu yule hakuwahi kushiba hata siku moja tangu nimjue.

Mwenzangu aliosha mchicha kwa chumvi, akausuuza maji mengi, kama alivyofundishwa na mama yake. Hayo ni ya kutoa vumbi na wadudu. Dawa zile hazikai juu ya jani. Zinaingia ndani, zinakwenda na maji ya mmea hadi mizizini, ndiyo kazi zilizotengenezewa. Akaukata, akaupika na karanga, akapakua. Mimi jino lilikuwa linanitesa, nikala tonge chache na kuacha. Yeye alikula sahani yake, akala yangu, akapangusa sufuria kwa kipande cha ugali. Akaniambia akimaliza mkataba atafungua mgahawa Singida mjini, aandike nje kwa chaki: Mchicha wa Dubai. Watu watapanga foleni, alisema, kwa ujinga wao wa kupenda cha nje.

Alfajiri nilimkuta sakafuni bafuni. Alikuwa anatapika maji ya njano, miguu imekakamaa, vidole vimejipinda. Mimi mwenyewe tumbo lilikuwa linakatika na ulimi una ladha ya sarafu, lakini nilisimama. Wapangaji wenzetu wakaita ambulansi.

Hospitalini alitupokea daktari kijana wa Kihindi, mpole, mwenye haraka. Kiingereza changu ni cha jikoni, lakini tulielewana. Tumekula nini? Mboga. Mboga kutoka wapi? Nikamwambia yote, vijiti na trei na dawa. Hakunikemea. Aliniuliza jambo moja tu: "Dawa gani? Nikijua ni ya aina gani, najua pa kuanzia. Nisipojua, nabahatisha."

Nikampigia nyapara.

"Mathe, sijui unaongea nini," alisema. "Mlifundishwa. Kula ni marufuku, iko ukutani."

"Sikupigii unikaripie. Daktari anataka jina la dawa. Tulichuma trei za vijiti vyeupe."

"Za wapi?"

"Za meza ya mbele."

Yakamponyoka: "Nani aliwaambia mchume zile? Zile zilikuwa za wageni tu!"

Hapo nikaelewa. Walizitoa trei za ile dawa iliyomtesa Sir, zile zilizopulizwa na kurudiwa na kurudiwa, wakang'oa vijiti vyekundu, wakachomeka vyeupe. Mchicha uliokataa kufa waliutumia kuwa mchicha ambao haujaguswa.

"Basi taja jina lake, uokoe mtu," nikamwambia.

"Mimi ni mtu mdogo. Ngoja nimwambie Sir."

Sir alifika mchana na madam. Namshukuru Mungu kwamba nilimfurahia, maana furaha yenyewe ilinipa nguvu ya saa moja. Alivuta kiti karibu na kitanda cha mwenzangu, akainama, akaniuliza kwa upole mkubwa. Alitapika kwanza, au miguu ilikakamaa kwanza? Mkojo una rangi gani? Na wewe ulikula kiasi gani, nusu yake, robo yake? Uzito wenu ni kilo ngapi? Nilijibu mbio mbio, nikiamini kila jibu linamsogeza kwenye tiba. Macho yake yaling'aa. Nilishayaona macho yale. Ni yale ya kupita kati ya meza.

Daktari akaingia, akamkatisha. "Dawa ni gani?"

"Haina jina," Sir akasema. "Ina namba."

"Basi nipe aina yake. Inafanya nini mwilini?"

"Hilo siruhusiwi. Ni siri ya wenye kampuni. Hakimiliki yake bado haijasajiliwa."

Daktari alimtazama kama hakusikia vizuri. "Figo za mwanamke huyu zinafunga sasa hivi."

Madam ndiye aliyejibu. Alisema maombi yameshatumwa makao makuu, huko Ulaya, lakini leo ni Jumamosi, wanasheria hawapo, tuwe na subira mpaka Jumatatu, inshallah. Alisema inshallah, yeye asiyejua hata msikiti uko upande gani. Daktari akapaza sauti hadi wauguzi wakaja mlangoni. Sir akawa anatazama viatu vyake. Alikuwa nayo kichwani! Hakuhitaji makao makuu, hakuhitaji mwanasheria. Maneno mawili au matatu yalikuwa nyuma ya meno yake, na akayafungia humo, akasimama, akaniwekea mkono begani.

Madam alinivuta koridoni. "Unajua mmeiba mali ya kampuni?"

"Magugu, madam?"

"Sampuli."

Niliporudi, mwenzangu alikuwa amefumbua macho. Uso umevimba, midomo imepasuka.

"Dada, wamesema ni nini?"

"Bado."

"Yule mrefu alikuwa anauliza nini kingi hivyo?"

"Unavyojisikia."

Alijaribu kucheka, ikawa kikohozi. "Ungemwambia ulikuwa mtamu."

Jumapili walimwunganisha na mashine ya figo. Daktari akawa anajaribu hiki, anaacha, anajaribu kile. Mimi nilikuwa kitanda cha pili na sindano mkononi, nampigia nyapara, simu inaita, haipokelewi. Nikampigia Sir. Akapokea, akasema anatuombea. Nikamwambia asituombee, aseme. Akasema, "Rafiki yangu, ningepoteza kila kitu." Kila kitu ni nini, sikumwuliza. Nilikuwa namtazama mwenzangu anavyopumua.

Jumatatu, baada ya chakula cha mchana cha Ulaya, ndipo ruhusa ikaja, kwa daktari peke yake, kwa sharti asimwambie mgonjwa wala ndugu. Aliisoma kwenye simu yake amesimama katikati ya wodi. Alitoka mbio, akarudi na wauguzi na dawa mpya, wakafunga pazia. Nilisikia wanavyohangaika. Kisha nikasikia wameacha.

Alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda changu. "Ningejua juzi," alisema, "ningeanza na hii."

"Ni nini, daktari? Na mimi nimeila."

"Wewe umeshatiliwa kwenye dripu. Utapona."

"Ni nini?"

"Nimezuiwa kusema."

Kwa hiyo na yeye nimemweka kwenye safu yao, mwishoni kabisa, ila yumo. Mtu mwema aliyeona mwingine anakufa kwa kufichwa, naye akaficha siku ile ile.

Kampuni ilimsafirisha mwenzangu hadi Singida, na madam akaandika kwamba alikufa kwa kula chakula kibaya nyumbani kwake. Kaka yake alinipigia akiuliza kama mdogo wake alikuwa anakula ovyo. Nilimweleza. Hakuniamini mara moja. Nani angeamini kwamba mtu amekufa kwa mchicha?

Nyapara alikuja International City na mfuko wa matofaa. Alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia.

"Sir aliniambia nibadilishe vijiti, mathe. Ningefanyaje?"

"Kubadilisha ni kosa la Sir. Mimi nakuuliza la kwako. Uliuona mfuko, ukasema umeshiba."

"Nilisema vile ili muelewe."

"Tuelewe nini?"

"Kwamba... kwamba msile."

"Ulisema kuleni nyinyi."

Akaanza kulia. Kwamba angetuambia tungeropoka mbele ya wageni, na Sir angemfukuza, na ana watoto shule ya bweni. Na yeye hakujua itaua. Alidhani tutaharisha tu. Tutaharisha tu! Kwa hiyo alikuwa ameshatupimia kiasi cha kuumwa, akakiona ni sawa kwa ajili ya kazi yake. Nilichukua mfuko nikaumwaga ngazini. Matofaa yaligonga kila kidato mpaka chini, na mtu wa kwetu akayafuata, anainama, anayaokota, anayafuta kwa shati, moja moja.

Mimi nilibaki. Vidole vya mikono na miguu vimekufa ganzi hadi leo, sindano siwezi kuishika, na figo zangu, nimeambiwa, zinafanya kazi kama zinalazimishwa. Sir alinipigia. Kampuni ingependa kunifuatilia, kliniki ya Al Barsha, kila mwezi, nipimwe damu na mkojo. Nikaenda. Mtaniuliza kwa nini niliwapelekea mwili wangu watu wale wale. Kwa sababu wao peke yao duniani ndio waliojua kilichomo ndani yake. Ningekwenda kwa nani mwingine?

Alikuwa anakuja mwenyewe. Anageuza kucha zangu kwenye mwanga. Anabonyeza ncha za vidole kwa kalamu, anauliza kama nasikia. Nikisema sisikii, anatikisa kichwa taratibu na kuandika. Kila safari nilimwuliza dawa ni gani. Kila safari alisema, vumilia kidogo, hakimiliki ikikamilika kila kitu kitakuwa wazi, hata wewe utasoma. Nikavumilia. Nilihesabu kuwa siku itakapouzwa madukani, nitainunua chupa moja, nimpelekee daktari yeyote anisomee maandishi ya nyuma.

Siku ya mwisho hakubonyeza vidole. Alisema hakuna haja ya kuja tena, wameifunga.

"Imekamilika?"

"Hapana, tumeiacha. Ile haikufaa. Mchicha haukufa."

"Basi sasa si siri tena. Niambie ni nini."

Alionekana kushangaa kweli, kama nimemwuliza jina la nzi. "Haikufika hatua ya kupewa jina," alisema. "Na vichupa vyenyewe vimeteketezwa." Akanishika mkono, akanitakia afya njema, akatoka.

Siku hizi nafanya usafi kwenye maduka, na mwili ukigoma naenda zahanati ya bima, kwa daktari yeyote aliye zamu. Wote wanaanza hapo hapo: ganzi hii ilianzaje, figo hizi ziliumizwa na nini, nilikula nini? Nawaambia mchicha. Mmoja wao wiki iliyopita, Msudani, mzee mwenye sauti nzuri, alitabasamu akasema mchicha hauna neno, mama, unaongeza damu, endelea kula.